Moshi wa Zebaki Usiingie Jarubani

Mpunga ni chakula na ni fedha. Hapa Shinyanga na Geita wengi wetu tunalima majaruba mbugani. Wengine tunachimba dhahabu. Mara nyingi kazi hizi mbili zimo katika kijiji kimoja.

Mchimbaji hutumia zebaki kunasa dhahabu. Kisha huichoma zebaki hiyo ili dhahabu ibaki. Lakini zebaki haipotei. Hugeuka mvuke usio na harufu. Mtu akiuvuta, unaingia mwilini. Mwingine huanguka juu ya paa, kisimani na shambani.

Ndani ya jaruba mambo huwa mabaya zaidi. Katika matope yenye maji, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi. Mpunga huweza kuinyonya na kuipeleka kwenye punje. Kwa macho huwezi kuitambua.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Rwamagasa, Geita. Udongo wa pale mjini ulikuwa na zebaki nyingi. Mazao mengi yaliyopimwa hayakuonekana kuwa nayo. Sampuli chache za mchele zilikuwa nayo, kiasi kidogo.

Wako watakaosema, "Basi mchele wetu ni salama, tuendelee." Mimi sikubali. Zebaki haiozi. Ya mwaka huu inaongezwa juu ya ile ya mwaka jana. Tuizuie sasa, ingali kidogo.

Sumu hii hudhuru ubongo na figo. Mikono hutetemeka, na mtu husahau ovyo. Mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi. Ndiyo maana mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Minamata ni mji wa Japani ambako watu wengi waliugua na kufa kwa kula samaki wenye sumu hiyo.

Sisemi tuache dhahabu. Nasema tufanye haya:

1. Tusichome zebaki jikoni, wala karibu na nyumba au majaruba.
2. Tutumie retoti. Hiki ni chombo cha chuma kilichofungwa, kinachorudisha mvuke kuwa zebaki. Zebaki hiyo hutumika tena, na fedha inaokolewa.
3. Maji ya mialo ya kuchenjulia yasiachwe kutiririka mtoni.
4. Wajawazito na watoto wakae mbali na uchomaji.

Kila serikali ya kijiji itenge mahali pamoja pa kuchomea. Tulizungumze jambo hili katika mkutano wa kijiji kabla ya mvua za kupandia.