Siku Sitini Hazitoshi Kumwachisha Mwanakondoo

Mfugaji wa kondoo hapa Kizuka, Rumonge, hupewa ushauri mwingi kuhusu kumwachisha mwanakondoo ziwa. Baadhi yake unaua.

"Mwache, mama yake atamkataa mwenyewe." Hilo lilifaa kundi lilipokuwa likizurura. Sheria ya 2018 ilipiga marufuku mifugo kuzurura Burundi, kwa hiyo mama, mabinti na vidume sasa hulala banda moja. Kidume cha miezi minne au mitano kinaweza kumtia mimba mama yake mzazi. Kitolewe mapema.

"Miezi miwili ikitimia, mwachishe." Siku peke yake si kipimo. Mwanakondoo huzaliwa tumbo la kucheulia likiwa halijakomaa, na linalolikomaza ni majani na pumba anazoanza kuonja akiwa na wiki mbili hivi, wala si maziwa. Pacha mnyonge wa siku sitini bado ni mchanga. Tazama kwanza kama anakula na kucheua vizuri, kisha mpime: aliyezaliwa na kilo 2.5 awe amefika 7.5. Mizani ya kupimia samaki inatosha. Kwa ufugaji wetu wa kutegemea majani, mara nyingi hilo huchukua kama miezi mitatu.

Linaloniumiza zaidi ni hili: "Mshibishe mashudu ya mise, atanenepa." Rumonge ni eneo la michikichi, mashudu hayo ya kokwa zake yako karibu, na ng'ombe huyala bila shida. Lakini yana madini ya shaba mengi, na kondoo huyavumilia kidogo kuliko ng'ombe au mbuzi. Shaba hujilimbikiza kwenye ini kwa wiki, hata miezi, bila dalili yoyote. Kisha ghafla macho yanakuwa ya manjano, mkojo unageuka mwekundu uliokolea, na mnyama anakufa. Jamani, mashudu yasiwe chakula chake kikuu. Mpeni matete machanga, kaliandra na pumba za mahindi.

"Mnyime mama maji, maziwa yakauke." Hapana. Mpunguzie pumba siku chache kabla ya kuachisha, abaki na majani makavu, na maji ayapate. Mhamishe yeye, watoto wabaki banda walilolizoea. Kiwele kikivimba na kuwa cha moto, mwite daktari wa mifugo.

Mimba ya kondoo ni miezi mitano. Pandisheni Mei, wazaliwe Oktoba mvua zikianza, waachishwe Januari majani yakiwa tele.