Wauguzi Wetu Wanavaa Makoti ya Mvua

Mhariri,

Naandika nikiwa na uchungu. Binti yangu ni muuguzi katika hospitali moja ya kaunti hapa Pwani. Tangu korona iingie nchini Machi 2020, hupewa barakoa moja ya N95 aitumie wiki nzima. Jioni huianika dirishani kama ng'onda. Juzi gauni za kujikinga zilipokwisha, aliingia wodini na koti langu la mvua, lile ninaloendea shamba. Glavu hujinunulia, tena kwa mshahara uliochelewa. Majirani humpigia makofi. Nashukuru, lakini makofi hayavaliki.

Kwenye runinga twaona shehena za misaada zikipokewa uwanja wa ndege. Huishia wapi? Wizara na kaunti zitujibu kabla wauguzi hawajaweka zana chini.

Mama wa Muuguzi,
Pwani