Usiache Mbachao: Tiba Mpya ya Saratani ya Damu

Mama mmoja mkulima wa mwani huko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ametuletea swali zito. Mjukuu wake wa miaka saba ana saratani ya damu, na sasa anatibiwa Dar es Salaam. Jamaa wamesikia kwamba India iko tiba ya kumponya mtu kwa damu yake mwenyewe. Wanashauri mtoto aachishwe dawa, na shamba la minazi la urithi liuzwe ili apelekwe huko. Mama huyo anauliza: je, habari hii ni ya kweli au ni uzushi?

Habari ni ya kweli, ila jamaa hawakuisikia yote.

Katika damu ya kila mmoja wetu mna chembechembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili. Kazi yao ni kuvisaka viini vya maradhi na kuviangamiza. Saratani huwashinda kwa hila: kwa kuwa imezuka katika mwili wenyewe, askari huidhania kuwa mwenyeji, wakaipita. Basi wataalamu huitoa damu ya mgonjwa, wakawachuja askari hao, na katika maabara wakawabadili ili waitambue saratani. Kisha huwazalisha mpaka wafikie mamilioni mengi, wakawarudisha kwa njia ya mshipa katika mwili wa mgonjwa yule yule.

Mama wa Paje hatapata taabu kulifahamu jambo hili. Yeye naye huchukua mbegu katika mwani wake mwenyewe, akaifunga kwenye kamba, akairudisha katika bahari ile ile, nayo ikazaa maradufu. Tofauti ni kwamba mbegu hii hufunzwa vita kwanza.

Mtoto wa kwanza mwenye saratani ya damu kutibiwa hivyo alikuwa Emily Whitehead, wa miaka sita, huko Philadelphia, Marekani, mwaka 2012. Dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa, na maradhi yamerudi mara mbili. Askari wake walipoanza kazi alishikwa na homa kali, hata akapumulia mashine. Aliokolewa kwa dawa itumiwayo kutibu baridi yabisi. Saratani ikatoweka, naye akakua akawa msichana mzima. Tiba hii, basi, yataka hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi na madaktari waliozoea hatari zake.

Marekani iliiidhinisha mwaka 2017, kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. India iliidhinisha ya kwake mwezi Oktoba 2023, kwa bei iliyo karibu sehemu moja ya kumi ya hiyo. Lakini idhini hiyo ya India ilihusu wagonjwa wa miaka 15 na zaidi, tena wale ambao dawa za kawaida zimewashinda. Mjukuu wa Paje ana miaka saba, na dawa zake bado zinaendelea.

Na dawa hizo tusizidharau. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza saratani ya mataya iliyokuwa ikiwaua watoto wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 uvimbe huo ulionekana kuyeyuka kwa dawa, na watoto wengine walipona kwa dozi chache tu. Madaktari wakashuku kwamba askari wa mwili wenyewe ndio waliomalizia kazi. Hata saratani ya damu iwapatayo watoto wengi huponyeka kwa dawa za kawaida, ilimradi mgonjwa awahi hospitali na kuimaliza tiba. Mtoto akiikatiza katikati, maradhi huweza kurudi yakiwa sugu.

Kwa hiyo, mama yetu, kabla ya kuuza hata mnazi mmoja, nenda kwa daktari wa mtoto ukamwulize mambo matatu: saratani hii ni ya aina gani, dawa anazotumia zinafanya kazi kiasi gani, na zikishindwa, njia ipi itafuata? Majibu hayo wasomee jamaa wote barazani.

Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Shamba la minazi linaweza kusubiri, lakini dozi ya wiki hii haisubiri.