Kirangozi Si Kondakta

Neno linalonikera ni "kondakta". Kila okestra inapotajwa redioni au magazetini, yule bwana anayesimama mbele ya wapigaji akiwa na kijiti mkononi huitwa kwa jina lile lile tunalompa kijana anayening'inia mlangoni mwa daladala akidai nauli. Sina ugomvi na kijana wa daladala, naye ana kazi yake. Ugomvi wangu ni na sisi wafasiri, tuliokwenda kuazima jina mbali kana kwamba katika nchi hizi hapajapata kutokea mtu wa kusimama mbele ya wapigaji, kuwaanzisha, kuwakokota na kuwanyamazisha. Mtu huyo alikuwapo. Kazi yake ilikuwa katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Jina lake lilikuwa kirangozi.

Richard Burton aliingia Kazeh, kitongoji cha Waarabu na Waswahili hapo Unyanyembe, mwaka 1857. Hakuwa mtu wa kuwasifu Waafrika, na kurasa zake nyingi zina dharau ambayo mfasiri hutamani kuirukia. Hata hivyo alikuwa na jicho, na masikio pia. Ameeleza jinsi msafara ulivyoondoka asubuhi: kirangozi mbele, amejipamba kichwani, ameshika bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, nyuma yake mpiga ngoma, kisha wapagazi mmoja mmoja kwa mstari mrefu, kila mmoja na mzigo wake wa pembe, kitambaa au shanga begani. Na lilikuwapo barugumu, pembe ya tandala, ambalo sauti yake ilisikika msafara ulipong'oa kambi na ulipokaribia mji.

Kwa Kiingereza mtu huyu hutajwa kuwa "mwonyesha njia" tu, na huo ndio mwanzo wa upotofu wote. Njia ile ilijulikana. Wanyamwezi waliipita miaka na miaka, na mpagazi mzoefu hakuhitaji kuonyeshwa iliko. Alichohitaji ni mwendo. Mtu mwenye frasila mbili begani, wa mia na ishirini katika mstari, hamwoni aliye mbele kabisa; anamsikia. Kirangozi akianzisha wimbo, waitikiaji wakapokea, hatua za mstari mzima hukaa sawa. Akiharakisha, watu wataanguka kabla ya adhuhuri. Akilegeza, watalala porini bila maji. Anajua wapi pa kuvuta pumzi na wapi pa kunyamaza. Anayetaka kujua kazi ya msimamizi wa okestra huko Vienna au Cairo ni ipi, basi ni hiyo: kushika wakati wa watu wengi kwa pamoja, na kuwajibika wanapoharibikiwa.

Najua nitakavyojibiwa. Barugumu si tarumbeta, wataniambia, na wapagazi si okestra. Haya, tuanze na tarumbeta. Neno lenyewe tumelitoa kwa Wareno, na leo hakuna anayelionea haya. Siwa je? Sisi watu wa pwani tukitajiwa siwa za Pate na Lamu vifua hututuna. Tunazitungia tungo, tunaziweka katika makumbusho, na tunawaonyesha wageni nakshi zake. Nazo ni pembe za kupuliza. Tofauti yake na barugumu ni kwamba siwa ilipulizwa kwenye harusi za waungwana na kutawazwa kwa wafalme, hali barugumu lilipulizwa mbele ya watu waliobeba mizigo. Hii si hukumu ya muziki. Ni hukumu ya nasaba, na imekaa katika kurasa zetu muda mrefu bila ya mtu kuiuliza hodi.

Nasaba hiyo hiyo ndiyo iliyotupofusha kuhusu beni. Wasomaji wa pwani wanaijua hadithi upande wao: mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya Lamu na Mombasa, vijana walianza kushindana kwa ngoma zenye magwaride, vyeo, sare na sauti za shaba, Mombasa wakawa Kingi na Skochi. Katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani zikasimama Marini na Arinoti. Hapo wengi wetu hufunga kitabu. Hawafuati tarumbeta ilikokwenda, kwa sababu ilikwenda bara.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ilifuata mkondo wa misafara karibu hatua kwa hatua, na juu yake walipanda makarani, askari na vibarua pamoja na ngoma zao. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Vita ile iliyowaua wapagazi kwa maelfu iliitawanya beni kuliko amani ilivyoweza: ikavuka ziwa ikaingia Kongo, ikashika Katanga kwenye migodi, ikateremka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Terence Ranger aliyafuatilia hayo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Ni aibu kwetu kwamba mpaka leo ukitaka habari za beni kwa ukamilifu huna budi kuanzia kwa Mwingereza.

Kuna wanaosema beni ilikuwa kuiga wazungu. Waliopata kuwa na Kaizari wao, magavana wao na manahodha wao, wote watu weusi wa mtaani, hawakuwa wanaiga. Walikuwa wanagawana upya vyeo walivyonyimwa. Walizikana, walichangiana, waliandikiana barua kutoka mji hadi mji, mpaka baada ya vita maofisa wa Kiingereza wakaingiwa na shaka: hizi ni ngoma tu, au ni siasa? Anayeiga hamtii bwana wake hofu. Tazameni pia kilichotokea huko Nyasaland ambako shaba ilikuwa adimu. Wachezaji wa malipenga walichukua vibuyu, wakavitia utando wa buibui, wakavipuliza vikatoa sauti ya tarumbeta. Basi beni haikuwa chombo. Ilikuwa mpango: mstari, hatua, sauti inayotangulia na sauti zinazojibu, na mtu mbele. Mimi nasema mpango huo ulipofika Tabora haukukuta ukumbi mtupu. Ulikuta wajukuu wa wapagazi.

Sidai kwamba naweza kumwonyesha mtu aliyeanza na barugumu akamaliza na tarumbeta. Nadai tu kwamba sikio lililolelewa na kirangozi halikuhitaji kufundishwa na Mjerumani namna ya kumfuata mtu wa mbele.

Baadaye likaja gitaa, na hapo maandishi yetu yanachangamka kidogo. Tabora ikawa na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na wapenzi wa muziki humtaja Salum Zahoro, humtaja Shem Karenga, kwa haki kabisa. Mwimbaji ana jina, mpiga solo ana jina. Wapuliza tarumbeta wa bendi zetu, walio wengi, hubaki "na wengineo". Kwa upande wake serikali, tangu Mwalimu Nyerere alipotangaza wizara ya utamaduni mwezi Desemba 1962, iliinua ngoma za asili kwa kuwa zilikuwa zimedharauliwa. Nia ilikuwa njema. Lakini beni haikuwa ya asili ya kutosha kwa wapenda asili, wala ya kisasa ya kutosha kwa wapenda rumba. Ikabaki uani.

Hapa visiwani beni haijafa. Beni ya Kingi imetangulia mbele ya maandamano ya Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, na wageni hupiga picha kwa shauku. Ni nani amemwuliza mpuliza tarumbeta yule alifundishwa na nani, na mwalimu wake alifundishwa wapi? Sisi washairi tunajua kutunza silsila. Shairi likikosa jina la mtungaji tunalitafuta, tunagombana katika magazeti juu ya beti mbili. Kwa wasimamizi wa shaba hatugombani, kwa kuwa hatujui hata wa kumgombania.

Huko Kwihara, karibu na Tabora, imesimama nyumba inayoitwa tembe la Livingstone. Alikaa hapo kitambo mwaka 1872. Waliobeba maiti yake hadi pwani, Chuma na Susi, walau wamepata majina katika vitabu. Maelfu waliopita mlangoni kwa tembe hilo wakifuata pembe ya tandala hawakupata hata neno moja la Kiswahili la kumwitia aliyewaongoza.

Rafiki yangu mmoja ananishauri nitumie "kiongozi", yaishe. Neno zuri, bahati mbaya limekwisha kutumiwa na kila aliyewahi kupanda jukwaani kuomba kura. "Mwongozaji" wamelichukua watu wa filamu. Kirangozi limekaa bure, lina mavumbi ya njia ndani yake, na linatamkika. Nitaendelea kuliandika katika tafsiri zangu, na mhariri atakayelifuta nitalirudisha.