Kupunguza uzito wa bastola: chuma kikiondoka, karatasi ibaki

Kuna kazi moja ya mafundi wa bunduki ambayo watu wengi wanaiona kama urembo tu: kuchukua bastola nzito ya chuma cha inoksi na kuirudisha kwa mwenyewe ikiwa nyepesi. Huko Marekani kazi hiyo ina atelie zake, bei zake na wateja wake wa miaka mingi. Lakini inagusa usalama wa mwenye bastola na wa watu walio karibu naye. Inagusa pia ushahidi ambao polisi na korti wanauhitaji siku risasi ikimwua mtu. Kwa hiyo haifai kuachwa kati ya fundi na mteja peke yao.

Hamu ya bastola nyepesi si ya leo. Bastola ya Colt iliyobuniwa na John Moses Browning, na ambayo jeshi la Marekani liliichukua mwaka wa 1911, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 1.1 bila risasi. Ofisa anayeibeba kiunoni kutoka asubuhi hadi usiku anajua maana ya kilo hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jeshi likaomba bastola nyepesi kwa ajili ya maofisa wake, na mwaka wa 1949 Colt ikatoa ile inayoitwa Commander. Kiunzi chake kilikuwa cha alumini, mtutu mfupi zaidi, na uzito ukashuka hadi karibu gramu 750.

Chuma cha inoksi kilikuja baadaye, tena kwa sababu nyingine. Mwaka wa 1965 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa bastola ya duara Model 60, ya kwanza kutengenezwa kwa inoksi. Shida iliyotafutiwa dawa ilikuwa kutu. Bastola inayobebwa karibu na mwili inalowa jasho, na katika sehemu zenye unyevu chuma cha kawaida kinaoza haraka. Inoksi inavumilia. Lakini inoksi haipunguzi hata gramu moja: sentimita moja ya ujazo ya chuma hicho ina karibu gramu 7.8, sawa na chuma kingine. Titani ina gramu 4.5 na alumini gramu 2.7. Aliyenunua inoksi ili asisumbuliwe na kutu anajikuta na kilo nzima kiunoni. Ndipo anapogonga mlango wa fundi.

Mafundi hao wana heshima yao. Katika miaka ya 1970, huko New York, Paris Theodore alikuwa akichukua bastola ya Smith & Wesson Model 39 na kuitengeneza upya. Aliifupisha, akaondoa kona zote zinazokwaruza nguo, akaweka mpini unaopitisha mwanga ili mwenye bastola aone risasi zilizobaki. Bastola hiyo ilijulikana kwa jina la ASP. Haikuwa ya inoksi, lakini ilionyesha ni kitu gani fundi mwenye akili anaweza kufanya na chuma cha kiwanda. Mwaka wa 1983 Smith & Wesson yenyewe ikatoa bastola fupi, Model 469. Atelie ndogo ilifungua njia, na kiwanda kikaifuata kwa hesabu zake na majaribio yake.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kiwanda kikitaka bastola nyepesi, kinaanza upya: kinabadili aina ya chuma, nguvu ya springi, unene wa kila kipande, halafu kinapiga maelfu ya risasi kabla ya kuuza. Fundi anayekata bastola iliyokwisha kutengenezwa anaondoa tu kile ambacho wengine walikiweka kwa sababu. Mara nyingi hajui sababu hiyo.

Hesabu yenyewe inafaa kutazamwa. Ili kuondoa gramu 100 kwenye inoksi, inabidi kukata karibu sentimita 13 za ujazo, yaani karibu nusu ya kisanduku cha kibiriti. Kwenye kitu kidogo kama bastola, hicho ni chuma kingi sana. Na faida yake ni nini? Risasi moja ya milimita 9 ina karibu gramu 12. Risasi 15 zina gramu 180. Yaani mzigo wa magazini peke yake unapita kile ambacho fundi mwangalifu anaweza kukiondoa. Mkanda mpana na mgumu pamoja na ala nzuri vinampunguzia mtu maumivu ya kiuno kuliko matundu kwenye chuma, tena kwa bei ndogo.

Halafu kuna teke. Bastola ikipiga, risasi inakwenda mbele na bastola inarudi nyuma. Risasi haijali bastola ina uzito gani; nguvu yake ni ile ile. Bastola ya gramu 1,000 ikishushwa hadi gramu 800, teke lake linaongezeka kwa robo nzima. Mkono unayumba zaidi, risasi ya pili inachelewa, na anayepiga anaanza kufumba jicho kabla ya mlio. Mtu wa namna hiyo hapigi anachokilenga. Katika kartie yenye nyumba za mbao zilizobanana, risasi iliyokosa inapita ukuta na kumkuta mtu aliyelala.

Sehemu ya hatari zaidi ni kile kipande cha juu kinachoteleza, kitelezi. Kwenye bastola nyingi, uzito wa kitelezi na nguvu ya springi ndivyo vinavyoamua mwendo wa kipande hicho kinaporudi nyuma. Kikipunguzwa uzito kinarudi kwa kasi kubwa zaidi na kugonga kiunzi kwa nguvu zaidi, kila risasi. Siku za kwanza hakuna kinachoonekana. Baadaye nyufa zinaanza kwenye kona zilizokatwa.

Hata kitelezi kizima kinaweza kuvunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilipata shida hiyo na bastola zake za Beretta: vitelezi vilipasuka, vipande vikarudi nyuma na kuwajeruhi askari usoni. Beretta ikabadilisha pini ya nyundo na kuipa kichwa kikubwa, ili kitelezi kikivunjika kisimrukie anayepiga. Hivyo vilikuwa vitelezi vya kiwanda, ambavyo hakuna fundi aliyevigusa. Itakuwaje kwa kitelezi kilichotobolewa kwenye meza ya atelie, bila mtu wa kupima?

Watetezi wa kazi hii watasema wachezaji wa mashindano ya kulenga wanatoboa vitelezi vyao kila siku. Ni kweli. Lakini wachezaji hao wanabadilisha springi ili ilingane na uzito mpya, na wanakagua bastola zao mara kwa mara. Tena wengi wao wanaacha kiunzi kikiwa kizito, na wengine wanaongeza uzito chini kwa mpini wa shaba nyekundu au nyeupe. Watu wanaoishi kwa kulenga vizuri wanatafuta uzito. Anayetaka wepesi kila mahali hatafuti kulenga. Anatafuta kubeba, na mara nyingi kubeba bila kuonekana.

Hoja hiyo ndiyo inayoileta kazi hii karibu na msomaji wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni au Bunia. Bastola ndiyo silaha ya mji na ya usiku, inayoingia chini ya koti. AFC/M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, silaha nyingi ziliachwa mitaani na wale waliokimbia, na si zote zilizorudi kwenye mikono inayojulikana. Mikono ya kuzitengeneza ipo: katika vijiji vya mashariki kuna mafundi wanaofua bunduki za pupu kwa ajili ya wawindaji, kwa tupa, moto na bomba la chuma. Ujuzi wao si dhambi. Shida ni kwamba tupa inayopunguza uzito ni tupa ile ile inayofuta namba.

Mwaka wa 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali utaratibu wa kutambua na kufuatilia silaha ndogo ndogo. Utaratibu huo unataka alama ya pekee iwekwe kwenye kipande kikuu cha silaha, kama kiunzi, kipande ambacho kikiharibiwa silaha haifanyi kazi tena. Kumbe kiunzi ndicho mafundi wanachokipunguza wakitafuta wepesi. Nchini Marekani sheria ya mwaka wa 1968 inalazimisha kila mtengenezaji kuweka namba, na kanuni inayotumika tangu 2002 inataka namba hiyo iingie ndani ya chuma angalau inchi 0.003. Hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Utambulisho wote wa silaha unakaa katika ngozi nyembamba kuliko ukucha.

Inoksi inaongeza tatizo moja ambalo halitajwi sana. Bastola ya chuma cheusi ikikatwa, mahali palipokatwa panang'aa, na kila mtu anaona kwamba mkono umepita. Inoksi haina rangi ya kuvuliwa. Inakatwa, inasuguliwa, na inarudi na sura ile ile ya kiwanda. Polisi anayeishika barabarani haoni kitu. Mpelelezi haoni kitu. Chuma hicho hakisemi kilichofanyiwa, kwa hiyo ni lazima karatasi iseme.

Wabelgiji walilielewa jambo hilo zamani. Mji wa Liège una nyumba ya kupimia bunduki tangu mwaka wa 1672, na herufi ELG za nyumba hiyo zimegongwa kwenye silaha nyingi zilizofika Kongo, kuanzia bunduki za biashara za karne ya 19 hadi bastola za Browning za kiwanda cha FN. Katika nchi zinazofuata tume ya kimataifa iliyoundwa mwaka wa 1914, bastola inapigwa risasi za majaribio zenye mgandamizo unaopita kiwango cha juu kwa asilimia 30. Na silaha ambayo vipande vyake vinavyobeba mgandamizo vimebadilishwa inarudi kupimwa upya. Fundi anaweza kuwa hodari kiasi gani, neno lake halitoshi. Chuma kinaulizwa chenyewe.

Marekani haina nyumba ya lazima ya namna hiyo, lakini hata huko fundi anayeishi kwa kazi ya bunduki anahitaji leseni ya serikali kuu, na bastola ikilala kwake inaandikwa kwenye kitabu: namba yake, aliyeileta, aliyeichukua. Kufuta namba ni kosa la jinai. Nchi inayosifiwa kwa uhuru wa silaha inamlazimisha fundi kushika kalamu kabla ya kushika tupa.

Kongo haikosi maandiko. Kuna amri-sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi. Kuna Protokoli ya Nairobi ya mwaka wa 2004. Kuna hasa Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa katika mji mkuu huo tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika katika Afrika ya Kati mwaka wa 2017. Jina kamili la mkataba huo linataja silaha ndogo ndogo, risasi zake, na vipande vyote vinavyoweza kutumika kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha. Neno kurekebisha limo kwenye jina lenyewe. Waliouandika walijua kwamba silaha haizaliwi mara moja tu kiwandani. Inazaliwa tena kila inapopita kwa fundi.

Kinachobaki ni kuifanya kazi hiyo ionekane. Kwanza, kukata chuma kwenye silaha kuhesabiwe kama kutengeneza silaha, na atakayekifanya awe na ruhusa iliyoandikwa. Pili, namba ya kiwanda isiguswe kwa sababu yoyote, na fundi aongeze alama yake mwenyewe, ili mpelelezi ajue mlango wa kugonga. Tatu, bastola iliyopunguzwa isirudi kwa mwenyewe kabla ya kupimwa kwa risasi za nguvu mbele ya mtu asiye fundi na asiye mteja. Asiyeweza kutimiza hayo asikate.

Wengine watasema kuna ofisa mwaminifu mwenye maumivu ya mgongo, au mwanamke askari mwenye mkono mdogo, na kwamba wanastahili silaha inayowafaa. Wanastahili kweli. Jibu lao lipo tangu 1949 kwa alumini na tangu Glock ya mwaka wa 1982 kwa kiunzi cha plastiki ngumu: bastola ya karibu gramu 630 iliyozaliwa nyepesi, na hesabu zake zote zimefanywa. Serikali inayowajali iwanunulie hiyo, badala ya kuwaacha watafute fundi wa kutoboa nzito.

Fundi mzuri hapotezi chochote kwa kuandikwa jina. Anayekataa kitabu ndiye wa kuulizwa kwanza, na swali lake ni jepesi: ikiwa kazi yake ni kupunguza gramu tu, kwa nini anaogopa mtu kusoma namba?