Kwenu Vijana: Ordinatere ndani ya motokari



Mwezi huu nina neno la kukiri mbele yenu. Ni habari ya kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Kasongo, na motokari ya zamani inayobeba mizigo na abiria mpaka Kabambare. Mwenye motokari ni mshiriki wetu. Redio yake ilikufa siku nyingi. Kijana akamwendea: “Mzee, uniruhusu, nitakuwekea muziki wa ordinatere.” Alikuwa na ordinatere ndogo ya kubeba, kioo kimepasuka, wenyewe walikwisha kuitupa.

Watu walicheka. Hawakujua kwamba Kinshasa Mzee Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono No. 1, alitengeneza vipaza sauti vya likembe kwa sumaku za vyuma vikuukuu vya motokari, na ngoma yake ikafika Ulaya na Marekani. Wengine waliuliza kama muziki wa mashini si wa dunia. Someni Mwanzo 4:21-22. Yubali wa vinubi na Tubal-Kaini wa shaba na chuma walikuwa watoto wa baba mmoja! Lakini baba wa kijana hakucheka wala hakuuliza. Alitaka mtoto aende Salamabila kuchimba dhahabu kama wenzake, alete feza nyumbani.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi mna mikono ya ufundi.

Ndani ya ordinatere ya zamani kuna diski inayozunguka mbio sana, na kichwa kidogo kinapita juu yake bila kuigusa. Mwaka 1999 kampuni ndogo ya Uingereza, empeg, iliuza mashini ya muziki ya motokari yenye diski za namna hiyo. Wale wana lami. Kwa mashimo ya njia ya Kabambare, diski ingekufa kabla ya kijiji cha tatu. Kijana akaitoa, akaweka nyimbo pamoja na programu ya Linux, ambayo ni ya bure, katika fleshi ya gigabaiti 16. Wimbo wa dakika nne unachukua kama megabaiti 4, basi humo zinaingia nyimbo karibu 4,000. Kwaya zetu zote hazijafikia hesabu hiyo!

Kioo hakipo, kwa hiyo alifunga kibao kidogo cha namba karibu na usukani. Ukibonyeza 1, kwaya, 2, mahubiri, 3, nyimbo za watoto. Dereva hana haja ya kuondoa macho njiani.

Umeme ndio ulimsumbua. Batri ya motokari ni volti 12, mashini ikiwaka inapanda kama 14, na ordinatere ile inataka 19. Alihitaji kifaa cha kupandisha. Tena dereva akiwasha mashini, umeme unashuka ghafula na ordinatere inazimika, basi mashini iwake kwanza, muziki baadaye. Halafu bafle zikaanza kulia kama mbu, na kadiri dereva alivyokanyaga mafuta, mbu naye alipanda sauti. Dawa ilikuwa kuunganisha nyaya zote za kurudi mahali pamoja kwenye chuma.

Ikabaki fizibo, kale kawaya kembamba kanakokatika umeme ukizidi. Bodi nzima ya motokari ni njia ya umeme kurudi kwenye batri. Waya ukisuguana na bati na ngozi yake ikatoka, nguvu yote ya batri inapita hapo. Fizibo ikiwa karibu na batri, inakatika yenyewe. Isipokuwapo, waya ndio unaoungua.

Jumamosi moja kwaya ilikuwa inakwenda mkutano Kabambare. Nilitaka tuingie na nyimbo zetu zikisikika. Kijana akaniambia, “Baba, bado. Fizibo niliyoagiza Bukavu haijafika.” Nikamjibu, “Unga hivyo hivyo, Mungu atatulinda.” Ndivyo nilivyosema, mimi mchungaji.

Hatukufika mbali. Moshi ulitoka chini ya kiti cha dereva. Mwenye motokari alirukia batri akang’oa waya kwa mkono, akaungua vidole. Kiti kiliharibika, ordinatere ikafa, kwaya ikarudi kwa miguu.

Wazee wa kanisa walipokutana waliuliza nani alifanya uzembe. Kijana alinitazama. Mimi nikatazama Biblia yangu iliyofungwa. Akasimamishwa kwaya miezi mitatu, na wiki ileile baba yake akamtuma Salamabila.

Nilikaa kimya majuma mawili. Nilihubiri mara mbili katika majuma hayo, na sikumbuki nilihubiri nini. Halafu nikawaambia wazee, na siku ya Bwana nikaliambia kanisa. Nikaenda kwa baba yake. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, “Pasta, ungesema siku ileile, mtoto angekuwa hapa.”

Nililipa kiti. Ordinatere nyingine ilipatikana kwa shida, nayo pia kioo hakuna. Kijana alirudi baada ya miezi miwili, amekonda, na hakutaka kuongea nami. Sikumlazimisha. Alipoanza tena kazi, fizibo ya ampere 10 aliiweka kwanza, kabla ya waya mwingine wowote, kwa kipimo cha kiganja kutoka kwenye batri. Nyingine ya akiba ameifunga kwa ukanda wa plastiki chini ya kifuniko. Mwenye motokari anaionyesha kwa kila abiria anayeuliza, na hata kwa wasiouliza.

Wenye maswali ya waya, mumwone yeye Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Msije kwangu.