Filamu ya The Letter ioneshwe hata Jilore



Wapo wanaoonya kwamba filamu ya The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, ikioneshwa vijijini kwetu itazua fujo. Inamfuata kijana anayerudi Kilifi baada ya nyanyake kuitwa mchawi. Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Mbona Jilore, hapa hapa Kilifi, isiione?

Mwaka 2018 filamu nyingine ya Kenya, Rafiki, ilipigwa marufuku, mahakama ikairuhusu kwa siku 7, na kumbi za Nairobi zikafurika. Huku kwetu kinachoizuia The Letter ni hofu tu. Wazee wanaitwa wachawi na kuuawa kwa sababu ya mvi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi pana shamba. Anayetishia waoneshaji aulizwe kwanza analimezea mate shamba la nani.

Chifu alete askari, turubai lifungwe uwanjani.

Msomaji, Jilore